Saratani ya Korodani Ikigunduliwa Mapema: Baada ya Upasuaji, Tuamue Nini?

Somo la afya katika toleo hili linahusu ugonjwa ambao wanaume wengi hawapendi kuutaja, na uamuzi ambao humkuta mgonjwa kabla hajajitayarisha.

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 28 anaishi Kinanie na hufanya kazi ya zamu katika kiwanda upande wa Athi River. Siku moja akioga aligusa uvimbe mgumu kwenye korodani moja. Haukuuma. Alinyamaza miezi miwili, kisha akamwambia mkewe, na mkewe akamhimiza kwenda hospitali. Picha ya ultrasound ilionyesha uvimbe ndani ya korodani. Akafanyiwa upasuaji, korodani ikatolewa kupitia kwenye kinena. Wiki chache baadaye ameketi mbele ya daktari wa saratani, naye anamwambia: "Ugonjwa ulikuwa ndani ya korodani peke yake. Tumeutoa. Sasa tuamue hatua inayofuata."

Kijana anauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: kama umetoka wote, tunaamua nini tena?

Swali hilo ndilo somo letu. Kufikia mwisho, msomaji ataelewa njia zilizopo, faida na mzigo wa kila moja, na maswali ya kwenda nayo kliniki. Somo hili halichukui nafasi ya daktari. Linakusaidia kuzungumza naye ukiwa unaelewa.

Kwanza, hakikisha ni hatua ya kwanza

Neno "mapema" lina maana maalum hapa. Saratani ya korodani huhesabiwa kuwa hatua ya kwanza pale mambo matatu yanapokubaliana.

Jambo la kwanza ni ripoti ya patholojia, yaani maelezo ya mtaalamu aliyeichunguza korodani kwa darubini baada ya kutolewa. Ripoti hiyo hutaja aina ya saratani. Nyingi huwa katika makundi mawili: seminoma, na zile zisizo seminoma. Pia husema kama chembe za saratani zilionekana ndani ya mishipa midogo ya damu au ya limfu. Shikilia neno hilo la mishipa, kwa maana tutalirudia.

Jambo la pili ni vipimo vya damu vinavyoitwa AFP, hCG na LDH. Hupimwa kabla ya upasuaji na tena baada yake. Vilivyokuwa juu vinatakiwa kushuka hadi kiwango cha kawaida katika wiki zinazofuata. Visiposhuka, huenda kuna ugonjwa mahali pengine mwilini, hata kama picha hazionyeshi. Na ikiwa AFP ilikuwa juu kwa sababu ya uvimbe huo, daktari hautibu kama seminoma, hata kama darubini inasema ni seminoma.

Jambo la tatu ni picha ya CT ya kifua, tumbo na nyonga. Saratani hii ikisafiri, mara nyingi hutangulia kwenye tezi za limfu zilizo nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo, kisha huenda kwenye mapafu. Picha safi ni habari njema.

Mgonjwa asiye na mojawapo ya haya matatu hajafika bado mahali pa kuamua. Usikubali kuambiwa "umepona, nenda nyumbani" kwa sababu tu kidonda cha upasuaji kimefunga. Omba nakala za ripoti na picha zako, uzitie kwenye faili moja, na uende nayo kila kliniki.

Kwa nini bado kuna la kuamua

Picha ya CT huona uvimbe. Haiwezi kuona chembe chache za saratani ambazo huenda zilitoroka kabla ya upasuaji. Kwa hiyo, kati ya wanaume walioambiwa kwamba picha zao ni safi, wengi wamepona kabisa, lakini wachache bado wanabeba chembe hizo. Siku ya upasuaji hakuna kipimo kinachoweza kuwatenganisha kwa uhakika. Kinachowezekana ni kukadiria.

Kwa seminoma, kati ya wanaume 100 wanaofuatiliwa bila dawa yoyote, takriban 15 hadi 20 ugonjwa huwarudia. Uwezekano huongezeka uvimbe ukiwa mkubwa, hasa ukizidi sentimita 4.

Kwa zisizo seminoma, jibu linategemea lile neno la mishipa. Kama mishipa haikuingiliwa, ugonjwa huwarudia takriban 15 kati ya 100. Kama iliingiliwa, huwarudia karibu nusu.

Kwa hiyo daktari anaposema "tuamue", anauliza hivi: tuwape wote dawa ili kuwakinga wachache, au tuwafuatilie wote kwa karibu na kuwatibu wale tu watakaorudiwa?

Njia zilizopo

Njia ya kwanza ni ufuatiliaji wa karibu. Mgonjwa hapewi dawa. Hupewa tarehe: za daktari, za vipimo vya damu na za picha. Miaka miwili hadi mitatu ya mwanzo tarehe huwa nyingi, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa hurudi zaidi, na kwa zisizo seminoma mwaka wa kwanza ndio wa hatari kuliko yote. Ratiba hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, lakini kwa kawaida hufika miaka mitano au zaidi. Faida yake ni kwamba wale ambao tayari wamepona hawapati sumu ya dawa wasiyoihitaji. Mzigo wake ni kuishi na wasiwasi, gharama ya picha na nauli, na ukweli kwamba atakayerudiwa atahitaji matibabu mazito zaidi, mara nyingi mizunguko mitatu ya kemo.

Njia ya pili ni kemo fupi ya kukinga. Kwa seminoma huwa dozi moja ya dripu ya kaboplatini, na wakati mwingine mbili. Uwezekano wa kurudi hushuka hadi takriban 5 kati ya 100. Kwa zisizo seminoma huwa mzunguko mmoja wa dawa tatu zinazojulikana kwa pamoja kama BEP, unaochukua wiki tatu, na uwezekano hushuka hadi 2 au 3 kati ya 100. Mzigo wake ni kichefuchefu, uchovu, nywele kunyonyoka kwa wanaopata BEP, na kinga ya mwili kushuka kwa muda. Dawa za BEP zinaweza pia kugusa mapafu, figo, mishipa ya fahamu na usikivu wa masikio, ingawa mzunguko mmoja una madhara madogo kuliko mitatu. Tena, kemo haiondoi kliniki. Hata aliyepata dawa hurudi kupimwa.

Njia ya tatu, kwa seminoma pekee, ni mionzi kwenye tezi za nyuma ya tumbo, ambayo mara nyingi hutolewa kwa muda wa wiki mbili. Inafanya kazi vizuri, lakini siku hizi madaktari wengi huiepuka kwa vijana, kwa sababu miaka mingi baadaye inaweza kuchangia saratani nyingine. Kwa zisizo seminoma kuna pia upasuaji wa kuondoa tezi hizo. Ni upasuaji mkubwa unaohitaji mtaalamu aliyeuzoea.

Njia zote huelekea mahali pamoja

Hapa ndipo wagonjwa wengi hushangaa. Katika nchi ambako wagonjwa wa hatua ya kwanza hufuatiliwa inavyotakiwa, takriban 98 au 99 kati ya 100 hupona, wawe walichagua ufuatiliaji au kemo. Tofauti ya njia haionekani sana katika nani anaishi. Inaonekana katika nani anabeba mzigo gani, na wakati gani.

Sababu ni kwamba hata saratani hii ikirudi, dawa huiponya mara nyingi. Haikuwa hivyo zamani. Kabla ya miaka ya 1970, vijana wengi ambao ugonjwa wao ulienea walikufa. Mwaka 1974, Daktari Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alianza kuwatibu kwa kuchanganya sisiplatini na dawa nyingine, na wengi waliodhaniwa hawana tumaini wakapona. Chuo hicho hicho baadaye kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret, katika ushirika unaojulikana kama AMPATH, ambao hadi leo hutibu wagonjwa wa saratani magharibi mwa Kenya. Kwa hiyo elimu ya ugonjwa huu si ya mbali na sisi.

Lakini tusome kwa makini ile hesabu ya 98 au 99. Imetoka kwa wanaume waliorudi kliniki. Aliyechagua ufuatiliaji kisha akapotea hafuati tena njia ya ufuatiliaji. Huyo hana matibabu yoyote. Ugonjwa ukirudi hautamuuma mapema, na atakapokuja na maumivu ya mgongo au kikohozi kisichoisha, kazi ya kumponya itakuwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza nyumbani ni hili: je, nitaweza kurudi kliniki kila tarehe, kwa miaka mitano?

Kuipima kalenda ukiwa Kinanie

Swali hilo linahitaji jibu la kweli, si jibu la kumfurahisha daktari. Chukua kalamu na karatasi.

Andika safari. Kutoka Kinanie kwenda Hospitali ya Machakos Level 5, ambako kuna kituo cha saratani, mgonjwa huunganisha matatu hadi Barabara ya Mombasa, kisha Kyumvi, kisha Machakos mjini. Akipelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambazo ni hospitali za umma zenye mashine za mionzi, anaweza kupitia Athi River au Joska na Barabara ya Kangundo. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi, na ya mtu wa kukusindikiza siku za kemo.

Andika kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Kwa wengi siku hizo zinatosha tarehe za ufuatiliaji za mwaka mmoja. Huenda zisitoshe mizunguko mitatu ya kemo. Vibarua wa kutwa hawana ulinzi huo kirahisi, na hilo liingie kwenye hesabu.

Andika makazi. Wengi wetu huku Mavoko ni wapangaji wanaofuata kazi. Ukihamia Mombasa au Kitui mwaka ujao, nani atapokea faili lako? Uhamisho ukipangwa mapema si tatizo. Usipopangwa, ndipo watu hupotea.

Andika bima. Tangu Oktoba 2024, huduma za saratani hulipiwa kupitia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Malipo ya saratani yana kikomo kwa kaya nzima kwa mwaka, na kikomo hicho kimewahi kubadilishwa, kwa hiyo uliza dawati la SHA hospitalini kiasi kilichopo na kilichobaki kabla ya kuanza. Anayelipa mwenyewe asiruhusu bima ilale. Hali yako unaweza kuiangalia kwa simu kupitia *147#.

Sasa rudi kwa kijana wetu. Tuseme ripoti yake ni seminoma ya sentimita 3. Ameajiriwa, mkewe anajua tarehe zote, na hana mpango wa kuhama. Huyo ana sababu nzuri ya kuchagua ufuatiliaji: uwezekano wa kurudi ni mdogo na kliniki anaiweza. Tuseme badala yake ripoti ni ya isiyo seminoma, na mishipa imeingiliwa. Yeye ni dereva wa lori la masafa marefu, huwa nyumbani mara moja kwa wiki tatu. Huyo ana sababu nzuri ya kuzungumza na daktari kuhusu mzunguko mmoja wa BEP sasa, kuliko kungoja kwa bahati nasibu ugonjwa unaoweza kumkuta yuko Malaba.

Kazi nayo ina neno lake. Moja ya dawa za BEP hugusa mapafu, na nyingine hugusa masikio. Anayefanya kazi kwenye vumbi la saruji, anayevuta sigara, au anayekaa siku nzima kando ya mashine zenye kelele, amwambie daktari kabla ya dripu ya kwanza.

Watoto na uanaume

Wanaume wengi hukataa matibabu kwa hofu ambayo hawaisemi. Tuiseme hapa.

Mwanamume mwenye korodani moja yenye afya kwa kawaida huweza kufanya tendo la ndoa, na wengi hupata watoto. Korodani iliyobaki mara nyingi hutoa homoni ya kutosha. Anayejisikia mchovu daima au aliyepoteza hamu apimwe homoni, maana inapopungua hutibika.

Kemo inaweza kupunguza mbegu za uzazi kwa muda, na kwa wachache kwa muda mrefu. Kwa hiyo anayetaka watoto aulize kuhusu kuhifadhi mbegu kabla ya dawa kuanza. Kliniki za uzazi jijini Nairobi hutoa huduma hiyo. Ulizia gharama mapema. Baada ya kemo, wenzi hushauriwa kuzuia mimba kwa muda ambao daktari atautaja, mara nyingi kati ya miezi 6 na mwaka mmoja.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala hautokani na uasherati au laana. Mke, mama au kaka anayejua ukweli huu ni msaada mkubwa kuliko anayefichwa. Mgonjwa aende siku ya uamuzi na mtu mmoja anayemwamini, kwa kuwa masikio mawili yenye hofu husahau mengi.

Je, kuna haraka?

Mara vipimo vyote vitatu vinapokuwa safi, huu si uamuzi wa siku moja. Kuna wiki chache za kufikiri, kuuliza, na hata kutafuta maoni ya daktari wa pili. Lakini wiki chache zisigeuke miezi. Anayekwenda kwa mganga wa mitishamba au kwenye maombi asiache kliniki, na amwambie daktari dawa zote anazotumia.

Maswali ya kwenda nayo kliniki

1. Saratani yangu ni ya aina gani, na mishipa iliingiliwa?
2. AFP, hCG na LDH zimeshuka hadi kiwango cha kawaida?
3. Kwa ripoti yangu mimi, uwezekano wa kurudi ni wangapi kati ya 100?
4. Nikichagua ufuatiliaji, nipe tarehe zote za mwaka wa kwanza. Kila picha itagharimu nini, na SHA italipa kiasi gani?
5. Nikichagua kemo, ni dozi ngapi, na nitakosa kazi siku ngapi?
6. Ugonjwa ukirudi, nitatibiwaje?
7. Nikihama au nikikosa tarehe, nimpigie nani?

Usingoje tarehe ya kliniki

Yeyote aliyewahi kutibiwa arudi hospitali mara moja akiona mojawapo ya haya: uvimbe kwenye korodani iliyobaki, maumivu ya mgongo wa chini yasiyoisha, uvimbe shingoni au tumboni, kikohozi au kukosa pumzi, matiti kuvimba, au mguu mmoja kuvimba.

Na kwa wanaume wote, hasa wa miaka 15 hadi 40: mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya moto, papasa kila korodani kwa vidole. Saratani hii ni nadra kwetu, lakini uvimbe mgumu usiouma si wa kungoja. Wazazi nao waangalie watoto wa kiume: mtoto ambaye korodani yake haijashuka kufikia miezi sita apelekwe kituo cha afya, kwa kuwa hali hiyo huongeza hatari ya saratani hii ukubwani.

Kujipima na kujadili nyumbani

Taja mambo matatu yanayothibitisha hatua ya kwanza. Eleza kwa maneno yako kwa nini mtu mwenye picha safi bado anaweza kupewa kemo. Kisha mjadili: kama ni mmoja wetu katika nyumba hii, tarehe za kliniki angezishika nani pamoja naye?

Ziandikeni tarehe hizo mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja anaziona. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza pia kukukumbusha ukimruhusu.